Finchi wangu weupe wanataga mpaka mayai kumi na haliangui hata moja, shida ni nini?

NahodhaMdogo (Lamu, Langoni)

Salaam aleikum jamani. Mimi kwa ndege ni mgeni, nimezoea kuku tu. Mwaka jana mwezi wa nane nilikua Mombasa kwa shughuli zangu nikaona zebra finchi weupe pee, moyo ukanasa hapohapo, nikanunua jozi kwa elfu mbili na mia tano. Muuzaji akaniapia huyu dume huyu jike na washazoeana, mimi nikaamini, manake kwangu wote walikua sawasawa kama punje mbili za mchele. Nikapanda nao basi mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, wamefunikwa na leso ya mke wangu, kwenye boti kila mtu anataka kufunua achungulie.

Hapa nyumbani wanakaa raha mustarehe. Tundu nimelitundika uani juu kabisa, manake paka wa Lamu mnawajua wenyewe, wanakaa chini wanatazama juu mchana kutwa kama wanangoja chakula cha arusi. Chakula nawapa wimbi na mawele, maji safi kila asubuhi, mchicha siku mojamoja. Kiota nimewawekea kifuu cha nazi nikawatilia nyuzi za makumbi wakafuma wenyewe vizuri sana.

Sasa shida. Wametaga mara 3. Mara ya kwanza mayai 8, ya pili 9, hii ya sasa ni 10. Wanaatamia kwa zamu, usiku wanalala wote wawili ndani ya kifuu, wanachambuana manyoya ya shingo, yani mapenzi motomoto. Lakini siku zinapita 14, 20, 25, kimya, nikipasua yai ni viza tupu. Nyanyangu anasema ni joto la bati, jirani anasema ni jicho la mtu (na yeye ndio anakuja kuwatazama kila jioni, sasa sijui jicho la nani).

Maswali yangu: je dume ni tasa? Nimbadilishe? Na hawa ndege wanapandana vipi hasa, manake kuku jogoo unamuona anafanya kazi yake hadharani, hawa nimeona mara mbili tu mmoja kampanda mwenzake sekunde moja akashuka, sijui hata kama ndio yenyewe.

KaskaziTupu (Malindi)

Joto hilo ndugu yangu. Kaskazi ikiingia bati linachemka mayai yanapikwa. Wanyunyizie maji na uhamishe tundu. Mimi bajigari wangu, vile vikasuku vidogo, walinifanyia hivohivo.

BabaChiriku (Malindi, Barani)

Joto silo. Tusimpoteze kijana.

Zebra finchi asili yake ni Australia, kule bara kukavu ambako mchana joto linapita nyuzi 40, na wanazaa hukohuko, mvua ikinyesha tu nyasi zikatoa mbegu wanaanza. Lamu na upepo wenu wa bahari ni peponi kwao. Tena hawa joto wanalizungumzia na mayai yao! Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Deakin huko Australia waligundua kwamba siku za mwisho za kuatamia, hewa ikizidi nyuzi 26, mzazi anatoa mlio maalum juu ya mayai, na kinda aliyeusikia akiwa ndani ya yai baadae kwenye joto anakua na mwili mdogo zaidi, ambao unamfaa. Kwa hiyo tuache bati.

Nahodha, mimi nafuga hawa vindege zaidi ya miaka 15, nijibu mambo matatu kabla sijasema kitu.

La kwanza, midomo yao ni rangi gani, lakini nataka uwatoe penye mwanga wa jua uwatazame wote wawili pamoja, sio kwa taa.

La pili, ushawahi kumsikia mmoja anaimba? Sisemi kulia. Kulia wote wanalia, ile sauti kama kitoto cha mpira ukikibinya, nyet nyet. Nasema kuimba, maneno yanafuatana harakaharaka, anarudia yaleyale.

La tatu, yale mayai 10 yalitoka moja kwa siku, ama kuna siku uliamka ukakuta mawili?

NahodhaMdogo

Ami shukran kwa kunijibu. Nimewatoa sasa hivi nje. Midomo yote rangi ya chungwa, kama embe iliyoanza kuiva, huyu mmoja labda kidogo imekolea lakini ni kidogo sana. Kuimba... wallahi sijawahi. Nyet nyet tu kutwa. Nilidhani ndio kuimba kwenyewe. Na mayai ndio, asubuhi nyingine nilikua nakuta mawili, nikasema mashallah jike langu lina baraka.

BabaChiriku

Basi ndugu yangu jike lako halina baraka, una majike mawili.

Usijione mjinga, hili limewapata wengi, mimi mwenyewe mara ya kwanza lilinipata. Kwa finchi wa kijivu huwezi kukosea: dume ana mashavu ya rangi ya machungwa, kifua kina milia myeusi, ubavuni ana madoa meupe kama mtu kanyunyiza unga juu ya udongo mwekundu. Jike hana hata moja la hayo, ni kijivu kitupu. Lakini hawa weupe rangi yote imeondoka, alama zimekwenda nayo, umebaki mdomo peke yake. Dume mdomo wake ni mwekundu wa marijani, hasa marijani, sio chungwa. Jike ni chungwa. Na ndege akiwa mmoja peke yake dukani chini ya taa, chungwa lililokolea unaweza kuliita jekundu, hasa ukiwa na haja ya kuuza.

Sikio ndio halidanganyi. Jike wa zebra finchi haimbi maisha yake yote. Dume yeye ana ubeti mmoja tu, mfupi, kama sekunde moja hivi, na huo ubeti ameupokea kwa baba yake akiwa mdogo, akishafika miezi mitatu umekaa kichwani haubadiliki mpaka anakufa. Nyinyi watu wa Lamu mna tenzi za beti mia, huyu bwana ana mmoja na unamtosha kuoa.

Na hesabu ya mayai nayo inasema. Jike mmoja kwa kawaida anataga 4 mpaka 6, moja kila asubuhi. Ukiona 8, 9, 10 kwenye kiota kimoja, na siku nyingine mawili kwa mpigo, wametaga wawili. Hayana mbegu, yatakuaje na uhai.

KaskaziTupu

Hahaha kumbe mabibi wawili. Lakini kasema kaona mmoja kampanda mwenzake, hilo je??

NahodhaMdogo

Ndio na mimi hapo ndio nataka kuuliza! Na wanapendana vile, kuchambuana, kulala pamoja. Mke wangu akisikia atacheka mpaka kesho, yeye tangu mwanzo alisema hawa ni mtu na dadake.

BabaChiriku

Kupendana sio ushahidi wa kitu. Zebra finchi hawezi kukaa bila mwenziwe, ndivyo alivyoumbwa, akikosa wa jinsia ya pili atashikamana na aliyepo. Madume wawili vilevile, kuna utafiti wa 2011 waliwalea madume peke yao wakaunda jozi, halafu baadae wakaletewa majike, na wengi wao walibaki na mwenzao wa zamani hawakugeuka. Kupandana nako jike anaweza kumpanda jike, kinachokosekana ni mbegu basi.

Sasa kuhusu kupandana kwenyewe kunavyokua, kwa vile umeuliza na kwa vile watu wengi wanafuga na hawajui wanachokitazama.

Inaanza mbali. Dume anakuja kwenye kijiti alichokaa jike, amesimama wima, manyoya ya mashavu na kifua kayatutumua, mkia kaupinda upande wa jike, anaruka hatua moja huku hatua moja huku kama mcheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, anayemzunguka mwenzake, na huku anaimba. Katikati anainama anapangusa mdomo kwenye kijiti kushoto kulia, wala mdomo haukua na kitu, ni katika mchezo wenyewe. Jike akiwa na haja nae anaruka nae pamoja, na yeye anapangusa mdomo. Asipotaka anahama kijiti, ama anafungua mdomo anamtishia, basi dume analo la kufanya ni kujaribu kesho.

Sasa dalili ya kukubali ni moja na ndiyo ya kuishika: jike analala chini mwili umenyooka sambamba na kijiti halafu anatetemesha mkia juu chini upesi upesi. Ukiona mkia unatetemeka hivo, ruhusa imetoka. Dume anapanda mgongoni, wanagusanisha chini ya mikia, sekunde moja mbili kwisha. Hawana kiungo cha kuingiza hawa kama mnyama mwingine, ni kugusanisha tu, ndio maana kijiti kikiwa kinacheza ama kinene hakishikiki vizuri wanapoteza mizani na mayai yanatoka hayana kitu hata kama dume ni mzima. Wengi wanalaumu dume, kumbe ni kijiti. Funga vijiti vikaze.

Na jambo jingine watu hawalijui, jike anaweka mbegu za dume mwilini kwa siku kumi hivi ama zaidi kidogo. Kwa hiyo ukimtoa dume leo usishangae wiki ijayo jike anataga yai lina uhai.

Ukitaka kujua yai lina kitu usilipasue. Siku ya 5 ama 6 tangu waanze kuatamia sawasawa, usiku, chukua tochi ya simu uweke nyuma ya yai, shika kwa kijiko usiminye. Lenye uhai utaona mishipa myekundu kama mizizi. Lisilo na kitu linang'aa manjano tupu. Kwako najua utaona manjano kumi.

BiTatu_Shela (Lamu)

Nahodha mwanangu, haya ya dume na jike BabaChiriku kakueleza vizuri sina la kuongeza, lakini mimi kuna kitu kimenishtua hapo juu na hakuna aliyekigusa. Majike wako wametaga mara tatu mfululizo, jumla mayai 27, kwa chakula cha wimbi na mawele. Hao ndege utawaua.

Nakwambia kwa yaliyonipata. Nilikua na jike wa kijivu mzuri sana, mtagaji, na mimi ujinga wangu nikafurahia tu, kila wakimaliza kulea naacha kiota palepale wanaanza tena. Asubuhi moja nikamkuta chini ya tundu kajikunja manyoya kayatutumua, macho nusu yamefumba, tumbo limevimba huku nyuma. Yai limekwama. Nikamuweka kwenye kitambaa chenye uvuguvugu, nikampaka mafuta ya nazi, yai likatoka jioni lakini ganda laini kama ngozi, na yeye hakufika alfajiri. Chokaa ya mwili imemwishia, yai halikupata ganda, na misuli haikua na nguvu ya kulisukuma.

Kwa hiyo fanya hivi leo leo, usingoje dume. Nenda ufukweni Shela ukatembee kidogo, utaokota ule mfupa mweupe wa ngisi unaoletwa na maji, mwepesi kama karatasi. Uoshe, uloweke maji baridi siku mbili tatu unabadilisha maji mpaka chumvi itoke, uanike jua kali, uubane kwenye waya wa tundu. Watautafuna mpaka uishe. Bure kabisa, wenzetu wa bara wananunua. Na ganda la yai la kuku, ulilolikausha motoni ama kulichemsha, ulisage.

Kiota kitoe. Bila kiota wengi wanaacha kutaga. Wape mapumziko miezi miwili mitatu. Mimi siku hizi haizidi mara tatu kwa mwaka, hata wakinililia.

NahodhaMdogo

Mama shukran sana, hilo sikulijua kabisa, nilidhani kutaga sana ndio afya. Kiota nimekitoa sasa hivi, wananizomea kwa nyet nyet mpaka majirani wanauliza. Kesho alfajiri naenda Shela inshallah.

Kijana_Ngomeni

Mbona mnasumbuka na pesa, huku kwetu mashambani wale wadogo kichwa cheusi tumbo jeupe wanashuka kwenye nyasi makundi kwa makundi, tega wavu umepata 20, changanya na hao majike wako weupe uone rangi zitakazotoka

BabaChiriku

Kijana, hapana, kwa sababu mbili. Moja, ndege wa porini Kenya wana sheria, ile ya Wanyamapori ya 2013, kumkamata na kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, ni kosa na wanashika watu kweli. Mbili, hao ni aina nyingine kabisa, ni jamaa lakini sio ndugu wa kuoana, utakua umewafunga wakae na majonzi bure. Ndege wa porini ukimtia tunduni anajigonga kwenye waya mpaka kipaji kinatoka damu. Waache kwenye nyasi zao.

MwalimuMstaafu (Watamu)

Nimefurahi kusoma. Nichangie kidogo tu kwa upande wa vitabuni. Miaka ya 1980 mtafiti mmoja wa Marekani, Nancy Burley, alisema majike wa zebra finchi wanapenda dume aliyevishwa pete nyekundu mguuni na wanamkwepa mwenye pete ya kijani. Yani kitu cha plastiki tu kinampandisha cheo bwana harusi! Wengine waliporudia baadae kwa ndege wengi hawakuipata hiyo athari, kwa hiyo mambo yakabaki mabishano. Mimi hata hivyo pete za kijani sinunui, mtu huwezi kujua.

Jingine la msingi kwa Nahodha: ukipata makinda usikubali mtu akushauri kuyaleya chini ya bengali finchi. Hao bengali ni ndege waliofugwa muda mrefu Japani, ni walezi hodari wanakubali mayai ya mtu yeyote, na wafugaji wengi wanawatumia kama yaya. Lakini Mjerumani Klaus Immelmann alionyesha zamani kwamba dume wa zebra finchi akilelewa na bengali, akikua anamtongoza jike wa bengali, jike wa aina yake hana habari nae. Mtoto anaoa anayefanana na aliyemlea. Na wimbo anaushika wa mlezi.

NahodhaMdogo

Maalim hiyo ya pete imenichekesha. Haya sasa ami BabaChiriku, natafuta dume. Nimtie katikati ya hao majike wawili, ama vipi?

BabaChiriku

Usithubutu. Dume mmoja majike wawili kwenye tundu dogo ni vita, atakaechaguliwa atamnyonyoa mwenzake kichwa kizima, na hawa wawili washajiona mke na mume kwa hiyo huenda wakaungana wakampiga yeye.

Watenganishe kwanza. Jike mmoja mpeleke kwa nyanya yako ama chumba kingine wasisikiane kabisa, manake wakisikiana wataitana mchana kutwa na hakuna dume atakaesikilizwa. Mpe wiki mbili tatu. Halafu dume mlete kwenye tundu lake mwenyewe, ubavuni, waonane kwa waya kwanza. Jike akianza kukaa karibu na waya upande wa dume, akilala hapo, wafungulie.

Mimi nina madume watatu hapa wa kijivu, mmoja nakupa, ana miezi 9. Chini ya miezi 6 usimzalishe ndege yeyote, hata kama anaimba. Silipishi, utanilipa kinda. Nitamtuma na basi la asubuhi mpaka Mokowe, wewe umpokee tu asikae juani.

Na kitu kimoja usahau vyote lakini hiki usisahau, yai la kwanza likitoka, ondoa nyuzi zote za makumbi zilizobaki kwenye tundu. Dume hawezi kuona nyuzi akaziacha, atafuma juu ya mayai, jike atataga juu ya hapo, dume atafuma tena, mwisho una andazi la ghorofa tatu na mayai ya chini yote yamepoa.

NahodhaMdogo

Jamani nimerudi. Najua nilipotea, ni kazi za bahari. Niwape habari.

Dume alifika salama, tukampokea jetini, mke wangu kasema huyu sasa ndio anafanana na mwanamume, mashavu hayo kama kapaka lipstiki. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili baada ya alfajiri, nipo kitandani, nikasikia. Ami, kumbe ndio vile! Nilitoka na kikoi nusu kimefungwa. Anaimba yuko kwenye kona, hakuna anaemwimbia, anajiimbia mwenyewe tu. Halafu jike alipokuja kwenye waya akasimama wima kama ulivyosema, ubeti uleule lakini kasi zaidi, na kurukaruka, na kupangusa mdomo, yani kila kitu kwa mpangilio kama unasoma.

Jike alimkataa siku 9. Nilihesabu. Kila akija yeye anahama. Nikaanza kukata tamaa nikasema huyu bado ana majonzi ya mwenziwe. Siku ya 10 nikamuona kalala kwenye waya upande wake. Nikawafungulia. Na ule mkia kutetemeka nimeuona kwa macho yangu siku ya nne baada ya hapo, vijiti nilikua nimevifunga kwa kamba ya ngarawa hata mtu akipanda haviendi.

Mayai 5. Moja moja kila asubuhi. Nyuzi nilitoa lakini nilichelewa siku moja, lile la kwanza alishalifunika nikaliokoa kwa kidole. Siku ya 6 usiku tochi ya simu: manne yana mishipa. Nilimwamsha nyanya aje aone, akanitukana, halafu akaona, akanyamaza, akasema subhanallah. Siku ya 13 wakaangua watatu, la nne halikutoka.

Sasa swali la mwisho ndio linaniletea maneno mtaani. Mama yao mweupe pee. Makinda yameota manyoya, YOTE ni kijivu. Jirani (yule wa jicho) anasema mke katoka nje ya ndoa.

BiTatu_Shela

😂😂 Mwambie jirani yako atafute kazi. Mashallah mwanangu, hongera. Yule jike mwingine yuko vipi?

BabaChiriku

Ndoa iko salama. Weupe huo ni wa kujificha, kinda haliwi jeupe mpaka lipate weupe kwa baba na kwa mama wote wawili. Dume wangu hana weupe kwao, basi watoto wote wanatoka kijivu, lakini kila mmoja kaubeba ndani wa mamake. Ukija kumuozesha mmoja wao na mweupe asiye ndugu yake, karibu nusu ya watoto watatoka weupe. Usimrudishe kwa mamake tu, dini na afya vyote vinakataza.

Makinda yanatoka kiotani siku ya 18 mpaka 20 hivi, usishtuke yakianguka chini, yajifunze. Baba ndio anawalisha sana hapo, mama huenda anataka kutaga tena, kiota kiondoe kama Bi Tatu alivyosema. Siku ya 35 wanajitegemea, wahamishie tundu lao. Lakini madume wadogo waache tundu la ubavuni mwa baba wamsikie, mpaka wafike miezi mitatu, ukiwapeleka mbali mapema watakua na ubeti mbovu.

NahodhaMdogo

Mama yule jike mwingine yuko kwa nyanya, siku za kwanza aliita sana, sasa kazoea, nyanya anamfungulia redio, na mfupa wa ngisi anautafuna kwelikweli. Namtafutia mume lakini nyanya sasa hataki kumtoa.

NahodhaMdogo

Nimerudi tena samahani najaza hapa. Makinda wana siku 50. Mmoja midomo bado myeusi mwanzoni lakini mashavu yameanza kutoa doa dogo la chungwa, basi ni dume. Leo adhuhuri kila mtu amelala, nimemsikia ananong'ona peke yake, maneno hayaeleweki, kama mtoto anasoma juzuu na mwalimu hayupo. Nimemrekodi kwa simu nimekutumia ami kule kwenye WhatsApp, sikiliza.

BabaChiriku

Nimesikiliza mara nne. Huo ni ubeti wa babu yake, dume wangu mzee aliyekufa hapa Barani, yule baba yake aliurithi hivohivo. Pale mwisho anakosea, anaruka neno. Mpe mwezi.

Na huyo ndio kinda langu, usimuahidi mtu.